Saadani: Bandari Iliyogeuka Pori

Mwaka 1876 mmisionari Roger Price, wa Chama cha Kimisionari cha London, aliteremka Saadani akiwa na wazo alilodhani jepesi kabisa. Mizigo ya kwenda Ziwa Tanganyika ilikuwa ikibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na wapagazi walikuwa ghali, walitoroka, waligoma, na kila siku walidai posho. Price alikuwa ametokea kusini mwa Afrika, nchi ya Wabechuana, ambako magari ya kukokotwa na maksai yalikuwa usafiri wa kawaida. Kwa nini isiwe hivyo huku? Akachukua maksai wachache, akatoka nao Saadani mpaka Mpwapwa, na wakafika wakiwa hai. Habari njema zikapelekwa London.

Mwaka uliofuata ukaja msafara wenyewe, na magari na ng'ombe wa kuyavuta. Safari hii mambo yakaharibika mapema. Maksai walianza kukonda huku wakila, manyoya yakawasimama, macho yakawatoka machozi, na mmoja baada ya mwingine wakalala njiani wasiinuke tena. Wamisionari wakaishia kuajiri wapagazi kama kila mtu mwingine, na Agosti 1878 waliobaki katika msafara wakaingia Ujiji kwa miguu.

Aliyewashinda ni mbung'o. Wenyeji wa Mrima, yaani pwani hii, na bara yake walimjua vizuri, na walijua ni njia zipi usipitishe mfugo. Ambacho hakuna aliyekijua wakati ule ni namna anavyoua. Ilikuwa mwaka 1895, kule Zululand, ndipo David Bruce alipoonyesha kwamba inzi huyu hubeba kijidudu cha ugonjwa wa nagana na kukiingiza katika damu ya mnyama. Nagana haiui siku ileile. Ng'ombe aliyeumwa huweza kutembea wiki kadhaa kabla hajaanguka, kwa hiyo jaribio la kwanza la Price lilimdanganya: wanyama walifika Mpwapwa, lakini kufika kwao hakukuthibitisha lolote.

Naanza na ng'ombe hao kwa sababu mbung'o ndiye mhusika mkuu wa habari hii, ingawa huwezi kuona sanamu yake popote. Leo Saadani ni hifadhi ya taifa, kati ya Bagamoyo na Pangani, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,100. Watangazaji wa utalii huisifu kwa jambo moja la kweli: hapa mbuga inashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi, na ukibahatika utaona nyayo za tembo juu na mawimbi chini. Lakini matangazo hayohayo huizungumzia kama nchi iliyokuwa hivi tangu enzi, isiyoguswa na mtu. Hapo sikubaliani nayo hata kidogo. Pori la Saadani, kwa sehemu kubwa, ni pori changa. Lilikuwa bandari na mashamba, likawa uwanja wa vita, likawa ranchi, na kila mara binadamu alipolegea, kichaka kilirudi na mbung'o wake.

Watu wameishi kwenye mdomo wa mto Wami kwa karne nyingi. Wareno waliujua mji wa Utondwe, uliokuwa jirani na hapa, kama moja ya miji midogo ya pwani yenye watawala wake. Saadani ilikuja kupata nguvu baadaye, hasa katika karne ya kumi na tisa, pale Unguja ilipokuwa soko kubwa la pembe za ndovu. Ukitazama ramani utaelewa mara moja: Unguja iko mbele yake, ng'ambo ya mkondo wa bahari, na nyuma yake kuna njia ya kupanda Uzigua, Nguru, Usagara, mpaka Unyamwezi. Bagamoyo ilikuwa kubwa zaidi, hilo halina ubishi. Lakini misafara ya Wanyamwezi ilikuwa na uhuru wa kuchagua mahali pa kushukia, nao mara nyingi walichagua Saadani.

Wanyamwezi walikuja wakati wa kiangazi, wakiwa na pembe mabegani. Wakifika walikaa wiki na wiki wakingoja bei, wakila, wakicheza ngoma, wakigombana na wenyeji, kisha wakarudi na vitambaa, shanga, nyaya za shaba na baruti. Mji uliishi kwa ajili yao. Majumbe wa Mrima walikula ushuru na zawadi, wenye nyumba walikodisha, wanawake walipika na kuuza, na Wahindi waliokuwa na ofisi zao Unguja walitoa mali kwa mkopo. Biashara ya watu nayo ilikuwapo. Baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, bandari ndogo kama hizi ndizo zilizokuwa rahisi kwa majahazi ya usiku yaliyokwenda Pemba kwenye mashamba ya karafuu.

Wazigua wanakumbuka jambo la zamani zaidi. Katika miaka ya 1830 ukame mkubwa uliikausha nchi yao, na watu wenye njaa walishuka pwani. Wengi walipakiwa majahazini wakapelekwa kaskazini, wakaishia kuwa watumwa katika bonde la mto Juba, Somalia. Baadhi yao wakatoroka, wakajenga vijiji vyao kandokando ya mto, na hawakuiacha lugha. Vita vya Somalia vilipowafukuza katika miaka ya 1990, kuna waliorudi Tanzania na kupewa makazi Chogo, wilayani Handeni, ambako waliweza kuzungumza na majirani zao kwa Kizigua baada ya zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Wengine walipelekwa Marekani. Mtu akiniambia kwamba pwani hii haina historia ila ya wanyama, huwa nawataja hao.

Mtawala wa Saadani katika miaka ya mwisho ya uhuru wake alikuwa Bwana Heri bin Juma. Alikuwa Mswahili wa pwani na Mzigua wa bara kwa wakati mmoja, na nguvu yake ilitokana na kuwa pande zote mbili. Sultani wa Unguja alimhesabu kuwa mtu wake. Bwana Heri hakujihesabu hivyo. Mwaka 1882 Seyyid Barghash alituma askari kumtia adabu, wakashindwa, wakarudi Unguja.

Aprili 1888 Seyyid Khalifa, aliyemrithi Barghash, alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Maofisa wa kampuni walipofika kupandisha bendera yao na kudai ushuru wa forodha, Mrima mzima uliwaka, kuanzia Pangani. Abushiri bin Salim ndiye aliyekuwa jina kubwa la vita vile, na Hemedi bin Abdallah wa Tanga akavitungia utenzi ambao bado unasomwa. Kaskazini ya Wami, hata hivyo, vita vilikuwa vya Bwana Heri, na vilidumu baada ya vile vya Abushiri.

Serikali ya Berlin ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi la kulipwa: Wasudani walioandikishwa Misri, na watu waliochukuliwa Msumbiji, chini ya maofisa wa Kijerumani. Juni 1889 manowari ziliipiga Saadani kwa mizinga kutoka baharini, kisha askari wakashuka pwani na kuichukua. Mji wa makuti na udongo uliungua. Bwana Heri hakukaa kungoja. Alikuwa ameshaingia bara na watu wake, akajenga boma la magogo mahali paitwapo Mlembule, katikati ya kichaka kizito ambako mzinga wa manowari haufiki.

Hapa ndipo utaona namna alivyoijua nchi yake. Njia za kufikia boma zilikuwa nyembamba, katikati ya miiba, na mtu aliyekuja kwa mstari alionekana kabla hajaona. Desemba 1889 Wajerumani walishambulia, wakarudishwa nyuma. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 15 mwezi huohuo, Abushiri alikuwa amenyongwa Pangani, na wengi wangedhani vita vimekwisha. Januari 1890 Wissmann akaja mwenyewe na nguvu kubwa zaidi na mizinga, Mlembule ikaanguka. Bwana Heri akajenga tena mahali pengine, nako kukaanguka mwezi Machi. Aprili akajisalimisha. Risasi zilichangia, lakini njaa ndiyo iliyomtoa msituni: mashamba yalikuwa yamechomwa, na watu wake walikuwa wakila mizizi.

Wissmann hakumnyonga. Alimruhusu arudi kuijenga Saadani upya, kwa hesabu kwamba mzee mwenye heshima aliyekubali yaishe ana faida kuliko maiti yake. Hesabu hiyo ilikaa miaka minne. Mwaka 1894 Bwana Heri aliasi tena, akashindwa. Ukiingia kijiji cha Saadani leo utaonyeshwa magofu ya boma la Wajerumani na makaburi ya zamani. Mlembule hakuna anayekupeleka.

Kilichoiua Saadani kama mji si mizinga. Mji wa makuti huungua na kujengwa tena. Umefanya hivyo mara nyingi. Uliuawa na reli mbili ambazo hata moja haikuufikia. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kuelekea milima ya Usambara. Mwaka 1905 wakaanza nyingine kutoka Dar es Salaam, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Pembe, kahawa, mkonge, watu, vyote vikaenda kwenye garimoshi. Msafara wa mwisho wa miguu ulipokoma, Saadani ilijikuta katikati ya njia mbili kubwa, mbali na zote mbili.

Na bara yake ilikuwa imeshavunjika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliyoshuka kutoka kaskazini iliua ng'ombe karibu kila mahali Afrika Mashariki. Nzige wakala mazao, na njaa ya katikati ya miaka ya 1890 ikafuatwa na nyingine kabla karne haijaisha. Mwanahistoria James Giblin, aliyeandika kitabu kizima juu ya Uzigua, ameeleza jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa habari yote. Zamani machifu na wenye mali waliweza kuwalisha watu wao wakati wa njaa, kwa akiba na kwa biashara, na hivyo watu walibaki mahali pao wakilima, wakichoma, wakifyeka. Kufyeka huko ndiko kulikomweka mbung'o mbali, maana mbung'o hupenda kivuli cha kichaka na wanyamapori wa kunyonya. Mkoloni alipovunja uwezo wa wakubwa hao na kudai kodi, njaa ikaja bila wa kuizuia. Watu wakatawanyika. Mashamba yakawa vichaka, vichaka vikaleta ngiri na pofu, na nyuma yao akaja mbung'o. Baada ya hapo hata mtu aliyetaka kurudi na ng'ombe wake hakuweza.

Kwa hiyo, zaidi ya nusu karne kabla serikali haijafikiria kuweka askari wa wanyamapori, nchi hii ilikuwa imeshapata mlinzi wake, na alikuwa mkali kuliko askari yeyote.

Mtu wa pili kumjaribu mlinzi huyo kwa ng'ombe hakuwa mmisionari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni, ya Tanga, ilifungua ranchi huko Mkwaja, kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 400 kaskazini mwa Saadani. Mashamba ya mkonge yalikuwa na maelfu ya vibarua, na vibarua wanataka kitoweo. Safari hii ng'ombe hawakuja mikono mitupu. Kulikuwa na madaktari wa mifugo, dawa za kuzuia nagana, majosho, matrekta ya kung'oa miti. Ranchi ilifuga maelfu ya ng'ombe, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ikawa moja ya mahali palipojaribiwa mbinu mpya: ng'ombe aogeshwe dawa ya kuua wadudu, ili mbung'o anayemtua afe, na ng'ombe mwenyewe awe mtego unaotembea. Mbung'o walipungua sana. Hawakuisha.

Kichaka nacho hakikuisha. Katika mbuga zenye udongo mweusi unaonata, unaopasuka kiangazi na kugeuka tope wakati wa masika, kuna aina ya mgunga ambao wataalamu wameupa jina la Zanzibar, Acacia zanzibarica. Ni mti mwembamba, mrefu kidogo kuliko mtu kwa miaka yake ya mwanzo, na baadhi ya miiba yake huvimba chini kama vitunguu vidogo, vitupu ndani. Chungu hutoboa tundu na kuhamia humo. Gusa tawi, na kabla hujaondoa mkono wameshatoka. Ng'ombe wakila majani na kuondoa ushindani, na moto ukipungua nguvu kwa sababu hakuna majani marefu ya kuuwasha, mgunga huu unashamiri. Ranchi iliufyeka, ukachipua. Ikaufyeka tena. Mwaka 2000, baada ya karibu nusu karne ya kazi hiyo, Mkwaja ilifungwa.

Waliokuja baadaye kuchunguza kilichobaki, wakiwamo watafiti wa chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, walikuta jambo ambalo lingemchekesha mchungaji yeyote. Kila usiku kwa karibu nusu karne ng'ombe walikuwa wamelala katika mazizi yaleyale, na samadi yao ilikuwa imerutubisha ardhi ya mahali hapo kuliko mbuga iliyopazunguka. Ng'ombe walipoondoka, kwenye mazizi hayo majani yaliota mafupi, laini, yenye virutubisho, na wanyamapori waliyapenda. Kwa maneno mengine, baadhi ya malisho mazuri ya ngiri wa hifadhi ya leo yalitengenezwa na ng'ombe wa jana.

Upande wa kusini mambo yalikuwa yamekwenda kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilitangaza pori la akiba kuzunguka kijiji cha Saadani. Ranchi ilipokufa kaskazini, wazo la kuunganisha vipande likawa rahisi: pori la akiba, ranchi ya Mkwaja, msitu wa Zaraninge upande wa magharibi, na sehemu ya Wami. Mwaka 2005 vyote vikawa Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Katika vipande hivyo, Zaraninge ndio unaostahili kuitwa wa kale. Ni mabaki ya misitu ya pwani iliyowahi kuenea kwa mapande kutoka Somalia mpaka Msumbiji, juu ya kilima kisichozidi mita mia tatu na kitu. Ukiutazama kwa mbali hauna fahari ya msitu wa mlimani. Ndani yake, hata hivyo, kuna miti na wadudu wasiopatikana popote duniani isipokuwa katika misitu ya aina hii, na mbega wakiruka juu huanguka kwenye matawi kwa kishindo. Wakazi wa Gongo na vijiji vingine jirani walitoa humo dawa, asali na nguzo kwa vizazi. Msitu uliendelea kuwapo wakiwa ndani yake, jambo ambalo waliochora mipaka walipaswa kulipa uzito zaidi.

Nje ya msitu kuna twiga, nyati, kuro, tohe, kongoni, simba wachache wasiopenda kuonekana, na palahala, ambaye kwa maoni yangu ndiye mnyama mzuri kuliko wote wa pwani. Tembo wa hapa wana wasiwasi. Hawajazoea magari kama wenzao wa kaskazini. Msafiri aliyezoea Serengeti atalalamika kwamba wanyama ni wachache na nyasi ni ndefu. Ana haki. Mahali hapa hapajatengenezwa kwa ajili ya picha.

Mwenye haraka akose wanyama, lakini Wami asiukose. Mto huu hutoka mbali, milima ya Ukaguru na Nguru, na hufika baharini na rangi ya chai ya maziwa. Tope lake ndilo sababu bahari ya Saadani haina yale maji ya buluu yanayouzwa kwenye kadi za posta, na ndilo sababu ina kamba. Kwenye mdomo wa mto mikoko imejipanga kwa utaratibu wake: mililana mbele kabisa, inayokubali kusimama majini, kisha mikoko yenyewe yenye mizizi kama miguu ya buibui, na nyuma michu na mikandaa kwenye tope linalofikiwa na bamvua tu. Boriti za mikandaa na mikoko ya pwani hii zilipakiwa majahazini kwa mamia ya miaka zikaezeka nyumba za Uarabuni na Ghuba, na upana wa vyumba vya zamani kule ulifuata urefu wa boriti. Kamba wadogo hukulia katikati ya mizizi, wakikomaa hutoka nje, na huko wavuvi huwangoja. Meli kubwa za kukokota nyavu nazo zilikuwa zikiwangoja, mpaka wavuvi wadogo wakabaki na mabaki. Mwishoni mwa 2007, kamba walipokwisha kupungua vibaya, serikali ilisimamisha uvuvi wa meli hizo.

Kaskazini zaidi, pwani ya Madete, mchanga ni mweupe na maji ni safi kidogo, na hapo kasa hupanda kutaga. Kasa jike hutoka usiku maji yakiwa yamejaa. Baharini ni mwepesi. Nchi kavu anajiburuta kwa makasia yake, anapumzika, anapumua kwa sauti ya kuguna. Akipata mahali pakavu juu ya mstari wa maji, huchimba kwanza shimo la kulaza mwili, kisha kwa makasia ya nyuma, asiyoyaona, huchimba jingine dogo lenye umbo la chupa, akichota mchanga kidogo kidogo na kuurusha kando. Humo hudondosha mayai zaidi ya mia moja, meupe, ya mviringo, yenye ganda laini. Machozi humtoka wakati wote, ambayo ni namna yake ya kutoa chumvi mwilini, ingawa wavuvi wana maelezo yao mengine. Akifukia, hatazami nyuma. Baada ya takriban miezi miwili watoto hutoka, na kabla hawajafika majini kaa, kunguru na nguchiro wameshapata fungu lao.

Zamani kasa hawakulazimika kuitegemea Madete. Mbele ya Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, chenye mivinje, kilichokuwa moja ya mahali muhimu zaidi Afrika Mashariki kwa kasa kutagia. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Bahari haikujali tangazo. Mchanga ulimomonyoka, mivinje ikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Watu huenda huko sasa kuzamia na kutazama samaki kwenye miamba. Yai la kasa likiachwa pale litazama usiku huohuo.

Mbung'o naye anastahili habari yake ya mwisho, kwa sababu ng'ambo ya bahari mambo yalimwendea vingine. Unguja ilikuwa naye pia, akijificha hasa katika msitu wa Jozani. Katika miaka ya 1990 maelfu kwa maelfu ya mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi walikuzwa Tanga, wakasafirishwa kwa ndege na kumwagwa juu ya kisiwa, wakajamiiana na majike bila kuzaa, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa imemwondoa. Kisiwa kina maji pande zote. Inzi mwingine hawezi kuja kwa mguu. Bara haina mpaka wa namna hiyo, na huko Saadani hakuna wa kulipia kazi hiyo ndani ya hifadhi. Madereva wa watalii watakuambia uvae nguo za rangi hafifu, kwa sababu mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na ufunge madirisha ukipita kwenye vichaka vya Mkwaja. Watu wengi hulalamika. Mimi huwaona kama walinzi wakongwe waliosahauliwa kwenye orodha ya mishahara.

Lakini hifadhi ilipotangazwa, walinzi wengine walikuja na ramani. Kijiji cha Saadani chenyewe kilibaki, kimezungukwa na hifadhi, na wavuvi wake na misikiti yake, jirani na mabwawa ya chumvi ambako heroe husimama kwa makundi. Kitongoji chake cha Uvinje, kaskazini kidogo kando ya bahari, hakikuwa na bahati hiyo. Wakazi wa Uvinje wanasema kwamba katika miaka ya 1960 wazee wao waliafikiana na serikali kulilinda pori, kwa sharti kwamba ardhi yao ya pwani ibaki yao. Kwamba wanyama walikuwapo kwa sababu wao waliwaacha wawepo. Mamlaka ya hifadhi ilikuja kusema kwamba Uvinje iko ndani ya mipaka, na sheria ya hifadhi za taifa hairuhusu mtu kuishi humo. Mgogoro huo uliendelea miaka baada ya tangazo la 2005, kwa barua, ramani zinazopingana na mikutano. Anayeijua habari ya Bwana Heri, ya reli na ya njaa, hawezi kuona ajabu kwamba watu wa pwani hii wana kumbukumbu ndefu kuhusu bendera zinazopandishwa na wageni wenye mkataba uliosainiwa mahali pengine.

Na sasa lami inakuja. Barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani mpaka Bagamoyo inajengwa katika ukanda huuhuu, na itampa dereva wa lori njia ya pwani ambayo Saadani haijawahi kuwa nayo tangu misafara ilipokoma. Vijiji vilivyokuwa vikikatwa na tope kila masika vitafika hospitali. Kamba watafika Dar es Salaam wakiwa bado na barafu. Bei ya kiwanja Mkwaja imeshakuwa mazungumzo ya barazani, na wanaouliza wengi wao hawajawahi kufika. Palahala na tembo wanaovuka kutoka bara kuja pwani watalazimika kujifunza saa za malori, au malori yajifunze zao. Hilo litategemea matuta, mabango, na kama askari wa barabarani atayachukulia maanani saa nane ya usiku.